Neno la Langoni

Mwalimu mkuu kanipa lita mbili za samawati,
brashi iliyonyonyoka nusu ya nywele,
na karatasi ya daftari yenye maneno yaliyopigiwa mstari:
SHULE YA MSINGI KISIMANI.
"Usikosee herufi, Shee. Mkaguzi anakuja Jumanne."

Nikaanza. S, kisha H,
nikacheka peke yangu: nusu ya jina langu
iko ukutani, na sikusoma hapa hata kumaliza.

Yule Mjerumani aliyepanga chumba cha juu kwa Bi Batashi,
Vibke, akasimama na kifuko chake cha ndimu.
"Neno letu hilo," akasema,
kama mtu aliyeona kanga ya mamake
imeanikwa kwenye kamba ya jirani.

Letu kivipi?
Akaketi barazani akanitajia ukoo mzima.
Kwao ni shule vilevile, ila lina c katikati
isiyosikika, kama mgeni asiyebisha hodi.
Mdenmaki na Mnorwe husema skole,
Mswidi skola.
Mholanzi huliandika kama Mwingereza,
lakini akilitamka hulikwaruza kooni, kh,
kama aliyekwamwa na mwiba wa tafi.
Mwingereza naye akawaachia Waunguja skuli,
na shemeji yangu wa Ng'ambo bado hulisema hivyo,
nasi twamcheka. Kumbe sote tumekopa
duka moja, kwa milango miwili.

Na nyinyi mlilitoa wapi?
Kwa Warumi. Na Warumi?
Kwa Wayunani. Na kwa Wayunani lilikuwa nini?
Hapo akakwama. Akafungua kamusi yake, akaifunga.
"Nafasi," akasema. "Mtu hana kazi, amepumzika.
Ana nafasi. Basi anauliza, anafikiri."

Brashi ikasimama.
Mkia wa U ukachuruzika hadi chini.

Nafasi!
Mimi niliacha darasa la sita nikabebe mawe ya ujenzi
kwa punda, na punda si wetu,
kwa kuwa kwetu midomo ilikuwa minane
na mikono minne.
Fimbo, foleni, karo, kusimama juani kwa soksi iliyotoboka:
katika hayo, mapumziko yalikuwa yapi?

Nyanya yangu Mwanamvua hakulikubali kabisa neno shule.
Kwake palikuwa na chuo,
na chuo si nyumba. Chuo ni kitabu.
"Nipa chuo changu," ningempa msahafu.
Vikizidi kimoja, ni zuo.
Ndiyo maana aliyesoma akazama huitwa mwanazuoni,
mwana wa humo ndani ya vitabu,
hata kama hajawahi kuona ubao.
Sisi tuliita mahali kwa kitu kinachobebwa.
Wao waliita mahali kwa saa isiyo na mzigo.
Nami juu ya ngazi, na ndoo mkononi.

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika
wakigombea mpira wa matambara.
Mmoja tu hakwenda, kisichana cha darasa la pili hivi,
hijabu imepinda.
Akasimama chini ya L akaitazama.
"Ikikauka itakuwa hivihivi?"
Itapauka kidogo.
"Kwa nini?"
Sijui.
Akaendelea kutazama mapumziko yote,
hakuuliza tena, hakucheza,
na alipoitwa akaondoka kinyumenyume.

Nikamaliza E. Nikashuka, nikasogeza ngazi
mbali kuliko ilivyotakiwa,
ndipo nikaandika YA.

Jioni mwalimu mkuu akaja na rula ya mbao.
"Mbona umeacha nafasi kubwa hivi hapa? Punda anapita!"
Nikasema ukuta una mteremko.
Akanikata shilingi mia mbili.

Samawati bado iko chini ya kucha.
Mke wangu kaleta mafuta ya taa na kitambaa,
nikamwambia aache kwanza,
akae.